Alimwacha Mkwe Wake Mlimani, Basi Likaondoka

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala barabarani, mkabala na kiwanda cha mbao. Kituo chenyewe si cha kujivunia: nguzo moja, benchi lililopungukiwa ubao, na mwanamke mwenye buti zilizoshonwa upya kisigino. Amekodolea macho kona ambako basi litatokea.

Basi la kwanza linakuja na kusimama. Mlango unafunguka, naye anainama kidogo kama mtu anayetafuta kitu chini ya meza. Anatazama miguu. Zinashuka ndala za mama mwenye kapu la vifaranga, vinashuka viatu vyeusi vya mwalimu, zinashuka gumbuti za vijana wa kiwandani. Basi. Mlango unafungwa.

"Hakuna mtu wangu," anasema, kisha anacheka kicheko cha kujikaza.

Hii ni Jumamosi ya tatu anasubiri hivi. Mtu ambaye zamani alishusha watembeaji wengi mpaka dereva akalalamika kwamba wanamchafulia ngazi kwa tope, leo amebaki na nguzo na benchi. Amemwambia mumewe kwamba asiposhuka mtu hata leo, Jumatatu anaanza kazi kwenye kibanda cha tiketi cha stendi ya mjini.

"Kibanda kina dirisha dogo hivi," anasema, akionyesha kwa viganja. "Nitakuwa naona mikono ya watu tu."

Madereva wa njia hii wanamwita Mama Kituo. Kazi yake, ukiisikia mara ya kwanza, lazima ucheke: anatembeza watu wazima. Watalii wa kamera shingoni hana. Wake ni makarani, wauguzi, mafundi simu, wahasibu, watu wanaokalia viti wiki nzima mpaka kiuno kinalia. Wanapanda basi la abiria mjini, wanashuka hapa, naye anawapitisha kwenye vijia vya mashamba, msituni, kijitoni, hadi mgongoni mwa kilima. Jioni wanadandia basi lingine kwenye kituo cha upande wa pili, penye daraja. Na wanamlipa kwa hayo!

Sharti lake ni moja tu, asije mtu na gari.

"Mwenye gari lazima arudi alikoliacha, kama mbuzi aliyefungwa kamba," anasema. "Atazunguka, atazunguka, atarudi palepale. Mwenye nauli anashukia huku, anapandia kule. Hana cha kumrudisha nyuma."

Vijia hivyo alivijua akiwa kondakta. Basi likiharibika, abiria walinuna na dereva aliingia chini ya injini, yeye akakata njia ya mkato kwenda kituo cha mbele kuomba msaada. Kampuni ilipopunguza makondakta, alijikuta hana kazi lakini ana kilima kizima kichwani. Alianza na muuguzi mmoja jirani yake aliyeambiwa na daktari atembee. Muuguzi akaleta wenzake, wenzake wakaleta wenzao. Kilichopatikana hakikumtajirisha, ila kodi ya vyumba ililipwa na watoto hawakurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole, hakuwa na neno. Mama mkwe, ambaye anaishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alikuwa na maneno ya wote wawili.

"Eti watu wanalipa ili watembee?" alishangaa siku aliyoelezwa. "Ajabu ya Mungu! Mimi nimetembea tangu nina meno ya utoto. Mbona hakuna aliyenipa hata senti?"

Kila Jumamosi Mama Kituo alipofunga kamba za buti, mama mkwe aliguna. Mwisho akatangaza kwamba atakwenda mwenyewe aone huo wehu kwa macho yake, na akirudi atasema neno, na neno lake litakuwa la mwisho. Mwanawe akamnunulia raba mpya za buluu.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Ili uuelewe, lazima ujue Mama Kituo anavyofanya kazi. Yeye hatangulii. Anatembea nyuma ya wote, maana mbele kijia kinajionyesha chenyewe, na mtu anayepotea siku zote anapotelea nyuma. Tena hahesabu vichwa. Basi ni la watu wote, kinapanda kichwa cha mtembeaji, kinapanda na cha muuza mkaa. Ukondakta ulimfundisha kutazama miguu ikikanyaga ngazi. Asubuhi anavikariri viatu vya watu wake vikishuka, jioni anavipokea vikipanda.

"Mtu atavua kofia, atavaa koti la mvua, atajifunga kitambaa usoni usimjue," anasema. "Lakini nani anabadilisha viatu mlimani? Miaka yote hiyo, viatu havijawahi kunidanganya."

Siku ile vikamdanganya, na vikachagua mtu wa kumdanganyia!

Katika msafara alikuwamo binti anayefanya kazi maabara, amekuja na viatu vya kupendeza, vya kwendea ofisini. Kabla ya kijito soli moja ikaachama. Binti akaifunga kwa uzi, nayo ikaachama tena. Mama Kituo aliviona viatu vile vikivuliwa na kusukumwa ndani ya mkoba, akajisemea, haya, vile vimekufa, jioni nisivitafute. Alikuwa anataka kuuliza binti atavaa nini, ndipo zikasikika kelele mbele.

Waliotangulia, kwa kupiga soga, walikuwa wameacha kijia na kuingia katikati ya shamba la maharage. Mwenye shamba alisimama na jembe mkononi, akiwauliza kama kwao wanatembea juu ya chakula. Mama Kituo akakimbia mbele kuomba radhi. Radhi ilichukua muda, maana mwenye shamba alikuwa na hasira ya haki. Alipomaliza, wingu lilikuwa limeshuka na mvua inaanza, akaona bora awaharakishe watu kituoni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, hakurudi nyuma.

Huko nyuma, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, anavua raba zake.

"Vaa, mwanangu," alimwambia binti wa maabara. "Mimi nina ndala mkobani. Mguu wangu umekanyaga mengi, ndala haziushangazi. Tangulia, nakuja."

Raba zikamkaa vizuri kama zake, binti akatangulia.

Pale darajani basi la jioni lilikuja na mvua. Watu wakagombea mlango, watembeaji, wanakijiji na magunia yao. Mama Kituo akasimama pembeni ya ngazi, maji yanamtiririka puani, anapokea viatu. Buti za karani zikapanda. Raba nyeupe, sasa za kahawia, za muuguzi zikapanda. Zikapanda raba za buluu.

"Nikasema moyoni, mama huyo kapanda, ashukuriwe Mungu," anakumbuka. "Hata uso sikuutazama. Nani atazame uso wakati ana viatu?"

Dereva akapiga honi, kama anavyofanya siku zote kuwaita waliochelewa. Akapiga tena. Hakuja mtu. Basi likaondoka.

Walikuwa wamepita bonde la pili alipochukua chupa ya chai, akajipenyeza kwenda kiti cha nyuma kumpelekea mama mkwe. Alikuwa tayari hata kwa maneno. Akaziona raba za buluu zimenyooshwa chini ya kiti.

"Nikapandisha macho polepole," anasema. "Magoti si ya mama. Mikono si ya mama. Uso ni wa yule binti, kalala mdomo wazi."

Anasema hakumbuki alipiga ukelele gani. Dereva anakumbuka. "Alisema 'mkwe wangu!' mara moja tu, nikafunga breki kama nimekanyaga mtu," anasimulia. "Abiria wazima wazima walikuja mbele. Nilifikiri mtu amekufa."

Barabara pale ni nyembamba, basi kubwa haligeuki, na halikuwa na mwenzake nyuma. Mama Kituo akashuka. Binti wa maabara, ameamka hajui kosa lake, akabaki dirishani anauliza "Kwani kuna nini? Kuna nini?" huku raba za mtu ziko miguuni mwake.

Akakimbia kurudi. Alipita daraja, akapanda kijia, anaita mama, mama, sauti inakwenda na mvua. Mwanga ulikuwa unakwisha. Alifika kijitoni bila kukutana na mtu, na pale ukingoni, imekwama kwenye tope, akaiona ndala. Moja. Kijito kimejaa, maji ya kahawia yanapita kwa nguvu.

"Nikaijua ni ya mama," anasema. "Nikaishika ile ndala nikakaa chini kwenye tope. Nikawaza, nimwambie nini mume wangu? Kwamba nimeondoka na mama yako, nimerudi na ndala?"

Aliinuka akafuata ukingo akilia kwa sauti, bila haya, kama mtoto aliyepotelewa sokoni. Mara pua ikasikia moshi. Nyuma ya mikaratusi, kando ya kijia alichopita mbio bila kutazama, kuna nyumba ya mama mmoja mfuga nyuki ambaye huwauzia watembeaji asali. Akasukuma mlango wa jiko bila hodi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, miguu kwenye beseni la maji ya moto, mkononi ana kiazi cha kuchoma, anacheka na mwenyeji wake.

"Nilimkuta salama," Mama Kituo anamwambia mwandishi wa makala haya. Kisha anatazama barabara. "Kuna maneno tuliongea pale jikoni. Hayo si ya gazeti."

Walilala hapo, asubuhi wakarudi nyumbani. Lakini habari ilikuwa imetangulia kufika. Kwenye kundi la simu la watembeaji waliandika kwamba kamsahau mkwe wake. Kesho yake ikawa kamtelekeza. Wiki haijaisha, imekuwa kamtupa porini makusudi kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Ulimi hauna mfupa. Mtu aliyeogopa kwamba naye ataachwa akajitoa, na asiyeogopa akaona aibu kubaki peke yake.

Nyumbani, mumewe hakumfokea. Alinuna. Kununa kwa mtu mpole ni adhabu, maana hana mazoea nako na hajui kumaliza.

Kwa nini hakujitetea? Hata kundini hakuandika neno.

"Nijitetee nini?" anajibu kwa ukali kidogo. "Viatu nilivitazama mimi. Nilijiwekea nitembee nyuma, nikaenda mbele. Nilimwacha. Kosa ni langu, nimelibeba."

Basi la pili linatokea kwenye kona. Anasimama, anafuta mikono kwenye suruali. Ukimtazama utajua huyu hana tena matumaini, amesimama kwa mazoea. Mlango unafunguka, anainama.

Zinashuka raba za buluu.

Mama Kituo anapandisha macho polepole. Safari hii magoti ni ya mama, mikono ni ya mama, na uso ni wa mama mkwe mwenyewe, umekunjamana kwa hasira. Nyuma yake anashuka binti wa maabara. Nyuma ya binti, fundi baiskeli na grisi yake vidoleni. Halafu karani, halafu muuguzi, halafu wengine, kila mmoja anakwepa macho ya Mama Kituo.

Ilikuwa hivi. Jana yake binti alikwenda nyumbani kurudisha raba. Akadhani mama mkwe anajua yanayosemwa, akamsomea kwenye simu ili amwombee radhi kwa Mama Kituo. Mama mkwe hakuwa anajua lolote. Hana simu ya kusomea, na nyumbani hakuna aliyemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza binti awaandikie wote wapande basi la asubuhi.

"Nani amesema mimi nilitupwa?" anauliza sasa, kabla hata ya salamu.

Dereva anazima injini. Abiria wengine wanachungulia madirishani.

"Mama, tuyaache," Mama Kituo ananong'ona.

"Hatuyaachi. Wewe umenitunzia siri mpaka wanakuchinja, nami nakula chakula chako na sijui? Kaa kimya, mkwe wangu. Leo nasema mimi." Anawageukia watembeaji. "Nilikaa kwa yule mama wa nyuki nipumzishe miguu. Nikasikia honi. Si kwamba sikusikia. Nimesikia ya kwanza, nimesikia ya pili. Kutoka pale kwenda barabarani ni mteremko, hata mlevi anawahi. Nikamwambia mwenye nyumba, niongezee chai."

"Mama yangu!" muuguzi anapiga makofi ya mshangao, kisha anajiziba mdomo.

Fundi baiskeli anamtazama mama yake kama mtu aliyesikia jiwe likizungumza.

"Mnashangaa," mama mkwe anaendelea, na sauti imeshuka. "Mimi nimetembea maisha yangu yote, lakini sijawahi kutembea mikono mitupu. Kuna ndoo, kuna kuni, kuna mtoto mgongoni na mwingine ananing'inia kwenye nguo. Na nikifika, kuna watu wanangoja wale. Siku ile sikubeba kitu ila ndala zangu. Nikafika kwa watu, nikapewa kiti, mtu akaniuliza, 'Mama, utakula nini?' Mimi! Tangu niolewe hakuna aliyeniuliza nitakula nini. Nilikuwa sijamaliza hata kumjibu, honi ikalia."

Anamnyooshea Mama Kituo kidole.

"Nikajua nikiinuka, narudi kupika. Jumamosi zote huyu akiwa huku mlimani, watoto nani anawalisha? Nikamwambia hivyo palepale jikoni, akalia. Nikamwambia, mwanangu asijue, atadhani nimechoshwa na nyumba yake. Akaapa hatasema. Basi hajasema. Haya, mnaotaka kuandika kwenye simu zenu, andikeni: hakuniacha. Nilibaki."

Hapana anayeandika. Karani ametazama buti zake. Binti wa maabara analia waziwazi. Mama Kituo amekaa kwenye benchi, viganja usoni, mabega yanatikisika, na ni vigumu kujua kama ni kilio au kicheko. Baadaye atasema vilikuwa vyote viwili, na hasira juu yake. "Nimelia kwenye tope nimeshika ndala, kumbe mtu anaongezewa chai! Lakini mkwe utamfokea vipi?"

Mumewe ndiye anayezungumza wa kwanza, na anazungumza kama mtoto.

"Kwa hiyo mama, hukutaka kurudi nyumbani?"

Mama mkwe anamgeukia.

"Kurudi nilitaka, mwanangu," anasema. "Nilitaka kurudi kesho yake."

Dereva anawasha injini, maana basi nalo lina safari. Fundi baiskeli amesimama akisugua grisi vidoleni, haitoki. Kisha anamuuliza mkewe kwa sauti ndogo kijia kinaanzia wapi. Ni neno lake la kwanza kwake tangu mkasa utokee, ukiondoa la kuombana chumvi.

Walitembea siku hiyo. Mama Kituo alikaa nyuma kabisa, na hata mvua ilipotishia hakutoka. Jioni darajani alipokea viatu, kisha akapokea na nyuso, mmoja mmoja, akiwashika kidevu na kuwainua kama watoto wanaooshwa. Watu wazima wakacheka. Yeye hakucheka. Anasema hofu ile haijamtoka, na haombi imtoke.

Kibanda cha tiketi kimepata mtu mwingine. Jumamosi sasa jiko ni la fundi baiskeli. Wali wake wa kwanza ulikuwa bokoboko juu na mkaa chini, watoto wakala kwa adabu huku wanatazamana. Mama mkwe aliuonja, akasema mwanawe amejitahidi, akaenda kujilalia mchana kweupe na mlango kaufunga.

Mama Kituo ameshazungumza na mama mfuga nyuki. Anataka kuanzisha safari isiyorudi siku ileile: kushuka kiwandani Jumamosi, kulala kwa mama wa nyuki, kupandia darajani Jumapili. Wa kwanza kujiandikisha wamekuwa wanawake wa mtaani kwao, wa rika la mama mkwe, ambao walikuja kuuliza kama kweli inaruhusiwa kwenda bila kubeba chochote. Waume wao, anasema, wanamtazama vibaya akipita.

"Waache watazame," anasema, akifunga kamba za buti. "Mimi nataka siku moja niwajaze wale mama pale jikoni, wote wameketi, wote wameulizwa watakula nini. Basi la jioni lije. Lipige honi mpaka lichoke. Asiinuke mtu."